Kinga ya mabati na mabomba ya GI kwa wakazi wa Tanga: ununue ipi kwanza

Si ajabu Tanga kukuta geti la GI (chuma kilichovikwa zinki) limebanduka rangi kama ganda la kitunguu, na chini yake zinki ingali inang'aa. Upepo wa bahari husingiziwa bure. Rangi ya mafuta ilipakwa juu ya zinki tupu. Zinki na mafuta vikafanya sabuni, na sabuni haishiki. Kwa hiyo anza na praima, yaani rangi ya kwanza ya kushika chuma, rangi ya juu baadaye.

1. Epoksi ya makopo mawili. Ndiyo chaguo letu kwa geti, grili na stendi ya tangi iliyo jirani na bahari. Kopo moja ni rangi, la pili ni kigumishi cha kuigandisha. Pima kigumishi kama kopo linavyosema. Kikipungua, rangi hubaki laini. Kwenye joto letu huganda upesi, basi changanya kidogo kidogo. Yenye yabisi (kile kinachobaki rangi ikikauka) asilimia 50 kwa ujazo, ikipakwa ikauke kwa unene wa mikroni 50 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), lita 1 hutosha mita za mraba 10 kwa hesabu. Brashi hula zaidi. Jua huitoa unga, kwa hiyo ifunike kwa rangi ya juu ya poliurethani.

2. Akriliki ya maji. Kwa paa hii inatosha, na ni nafuu ya kazi. Kopo liandikwe kuwa linafaa mabati. Ile ya ukutani isikudanganye.

3. Praima ya asidi. Mkono mmoja mwembamba, mikroni 10 hivi, chuma kionekane kidogo chini yake. Ukiipaka nene, asidi hubaki ndani na rangi hufanya malengelenge. Usiipake chini ya epoksi.

4. Rangi ya unga wa zinki. Ni ya pale tu ulipochomelea na zinki ikaungua. Sugua hadi chuma kitupu. Kiwango cha kimataifa cha kuchovya chuma kwenye zinki, ISO 1461, kinataka kiraka cha mikroni 100 angalau.

Bolti za njano? Ule unjano ni kromati, utando wa kemikali juu ya zinki; inachelewesha kutu nyeupe (unga mweupe wa zinki inayolika) tu, na zinki yake mara nyingi ni mikroni 5 hadi 12. Ufukweni tafuta zilizochovywa kwenye zinki ya moto.

Lolote utakalonunua, osha chumvi kwa sabuni na maji baridi, usuuze, kutu nyeupe uisugue kwa brashi ngumu ya nailoni. Kisha nyunyiza maji: yakijikusanya vitone badala ya kutandaa, mafuta bado yapo, rudia. Paka umande ukishakauka, kabla bati halijawa la kuunguza kiganja.