Kasri la Mikhailovsky, St. Petersburg: anza huku, Hermitage baadaye

Wageni wengi wakifika St. Petersburg, Urusi, hukimbilia Hermitage, makumbusho maarufu ya jiji hilo, na siwalaumu. Ila ukiniuliza mimi, siku ya kwanza nenda Kasri la Mikhailovsky, makao makuu ya Makumbusho ya Urusi. Liko karibu na barabara kuu ya Nevsky.

Kasri hili alilijenga msanifu Carlo Rossi kati ya 1819 na 1825, kwa ajili ya Mikhail, mdogo wake Tsar (mfalme wa Urusi) Alexander I. Mke wa Mikhail, Elena Pavlovna, alipenda wasomi na wanamuziki, na madarasa ya muziki yaliyozaa Konsavatori, yaani chuo cha muziki, ya St. Petersburg yalianzia humu humu. Mwaka 1895 serikali ililinunua, Tsar Nicholas II akataka liwe makumbusho ya sanaa ya Kirusi kwa jina la baba yake, Alexander III. Wananchi wakafunguliwa milango 1898. Vyumba vingi vilibadilishwa wakati huo, lakini Ukumbi Mweupe umebaki na sura ya Rossi, mpaka viti alivyovibuni mwenyewe. Usiupite haraka.

Humu ndani kuna picha ya mchoraji Bryullov ya maangamizi ya Pompeii, mji wa kale uliofunikwa na volkano; ni ya 1833, ina upana wa zaidi ya mita 6. Isogelee, uwatazame vijana wawili waliombeba baba yao mzee huku majivu yakianguka. Wakati wa vita ya Hitler picha hiyo ilizungushwa kwenye gogo kubwa kama mkeka ili isalimike.

Lakini kilichonishika miguu ni sanamu ya shaba ya Malkia Anna wa Urusi, kazi ya mchongaji Rastrelli, yule baba, ya 1741. Anna ni pande la mama, gauni limejaa vito na nakshi. Mbele yake kuna mtoto mweusi, mdogo kabisa, anamnyoshea tufe la kifalme. Malkia ana jina. Mtoto anatajwa kama mtoto mweusi, basi. Watoto wa aina hiyo walikuwa mapambo ya ikulu za Ulaya. Mmoja wao, Abram Gannibal, alifikishwa kwa Tsar Peter Mkuu, akasoma, akawa jenerali, na kitukuu chake ndiye Pushkin, mshairi mkubwa wa Urusi. Ukitoka tu nje, Pushkin huyo amesimama uwanjani, mkono ameunyosha, sanamu ya Anikushin ya 1957. Wakala wa utalii aliyetupeleka hakusema neno lolote kuhusu mtoto huyo wala Gannibal! Alitukimbiza kutoka chumba hadi chumba, ikabidi nirudi peke yangu kwa tiketi nyingine.

Kwa hiyo kasri nalipatia nyota tano, wakala moja. Kama huna haja ya kundi, kata tiketi mwenyewe. Vaa viatu vya kutembelea, koti utaliacha kwenye chumba cha makoti karibu na mlango, na epuka Jumanne maana huwa pamefungwa.