Deli la lita 60 la kubebea samaki: uzoefu wangu Tanga

Wachuuzi wenzangu mmeniuliza sana kuhusu haya madeli ya plastiki yenye povu gumu ndani ya kuta. Ninalo la lita 60. Nanunua samaki pale diko la Deep Sea, wavuvi wanaposhushia samaki, napeleka Muheza. Nimelitumia kaskazi yote, na jua la kaskazi mnalijua wenyewe. Nimeridhika nalo, ila yapo mambo muuzaji hakwambii.

Kwanza ujazo. Usisikie lita 60 ukadhani utabeba kilo 60. Kwa joto letu hili, kilo moja ya samaki inataka kilo moja ya barafu, kwa hiyo ukipanga inavyotakiwa unaondoka na samaki kilo 20 hivi. Ukishindilia samaki halafu ukanyunyiza barafu juu juu, wa katikati wanafika na joto lao, na bakteria wa kwenye ngozi, matamvua na matumbo wanazidi kuzaana tu. Mimi hutoa matumbo na matamvua kwanza, naosha kwa maji safi (si yale ya ufukweni yanapooshewa mashua), ndipo napanga: barafu, samaki, barafu.

Kilichonifanya nilipende ni kitundu cha chini chenye kizibo. Jamaa mmoja stendi aliniambia, "Dada, deli lako bovu, linavuja." Nikamwambia, "Kaka, liache livuje." Barafu inapoza kwa kuyeyuka. Yale maji baridi yanapita mwilini mwa samaki, yanaondoka na ute, damu na bakteria wengi tu. Yakituama, samaki wa chini wanalala kwenye uchafu wa wenzao wa juu. Ndani ya basi nafunga kizibo, maana konda hataki kusikia habari za bakteria. Nikishuka tu nafungua.

Wengi wanaweka chupa za maji yaliyogandishwa ili kubana matumizi. Ni afadhali kuliko kwenda bila kitu, lakini chupa inamgusa samaki sehemu chache, kwingine kote ni hewa. Barafu iliyopondwa inamzunguka mzima. Kwa changu wa safari fupi chupa nitazikubali. Kwa vibua, hapana.

Kibua na jodari wana lao. Wakikaa na joto, bakteria wanatengeneza histamini kwenye nyama, na ikishaingia haitoki: si kwa kukaanga, si kwa chumvi, si kwa kugandisha. Samaki anaweza asinuke kabisa, mteja akala, uso ukamwaka, mwili ukamwasha, kichwa kikamgonga. Deli haliwezi kufuta joto la saa kadhaa baharini. Ndiyo maana wakati wa giza la mwezi, boti za taa zinapoingia na vibua alfajiri, swali langu la kwanza kwa nahodha ni kama walitoka na barafu. Kisha nashika samaki mwenyewe. Akiwa vuguvugu namwachia mwenye haraka, hata dalali akinuna.

Kasoro zipo. Likijaa ni mzigo wa watu wawili, na vishikio vyake ni vyembamba, vinakata mikono. Plastiki ya ndani inachubuka upesi ukikwangua kwa koleo la chuma, na michubuko hiyo ndiyo maficho ya uchafu. Ukuta ukipasuka, povu linanyonya maji ya samaki na harufu yake haisafishiki. Tumieni kibakuli cha plastiki kuchotea. Kila jioni naliosha kwa sabuni, nalisuuza kwa maji yenye klorini kidogo, nalianika bila kifuniko.

Bei iliniuma, lakini hasara ya samaki kulegea njiani imepungua sana, na ng'onda (samaki wa kukausha) sasa natengeneza nikitaka, si kwa kulazimika.

Mkienda dukani, ombeni maji mmimine ndani, fungueni kizibo, muone kama yanatoka yote. Langu lina kijibonde pembeni, lazima niliinamishe.