Siku mbili Mto Pangani: mashua nzuri, maboya pungufu

Nakaa Gongo la Mboto, kazi yangu iko Kariakoo. Naamka saa kumi na nusu alfajiri, na jioni nikibahatika siti kwenye daladala namshukuru Mungu. Mwezi uliopita nilichoka kabisa. Ijumaa nikapanda basi la Tanga, nikalala kwa shangazi Ngamiani. Asubuhi, baada ya mbaazi za nazi na maandazi, tukashika njia ya Pangani, kama kilomita 50 hivi: mimi, binamu zangu wanne na mtoto wa miaka saba.

Tulikodi mashua ya injini kwa saa tatu, shilingi 80,000 sote. Kabla ya kulipa niliomba kuona maboya ya kuvaa. Yalikuwa manne. Nahodha akasema mto umetulia. Nikamwambia hatuondoki, maana mto huu una mamba na tumebeba mtoto. Kijana akatumwa kuazima mawili mashua ya jirani, nusu saa ikapotea. Hapa nawalaumu waziwazi: anayepokea hela ya watu sita awe na maboya sita, na moja limtoshe mtoto. Lile la mtoto wetu lilimpwaya, ikabidi mama yake alikaze kwa kanga.

Kwenye kazi yenyewe nahodha ni fundi. Alisubiri maji yaanze kujaa ndipo akatupandisha, minazi huku na huku, mpaka kwenye mikoko akazima injini. Sijui lini mara ya mwisho nilikaa bila kusikia honi wala konda akigonga bodi. Tulisikia maji yakipenya kwenye mizizi, yakiwafunika chaza waliogandia pale safu kwa safu. Mdiria mmoja, mgongo wa buluu, alijitupa majini karibu nasi akaibuka na dagaa mdomoni. Mtoto alinishika mkono, hakusema kitu.

Kisha nahodha akachota maji kwa kata akatuonjesha. Chumvi tupu, na mdomo wa mto tulikuwa tumeuacha mbali. Alisema enzi za baba yake chumvi haikufika hapo, na wenye mashamba ya kandokando wanaumia. Mto huu unaletwa na maji ya Kilimanjaro na Meru. Njiani unamwagilia mashamba, unazungusha mitambo ya umeme pale Hale, na maji matamu yakija machache bahari nayo inapanda. Mimi umeme huo nautumia kila siku, na sikuwahi kuufikiria mto.

Nyumba ya wageni tuliyolala: 35,000 kwa chumba, mashuka safi, neti haina tundu. Bomba lilikauka usiku, ila waliletea kila chumba ndoo mbili bila kuombwa. Kamba wa nazi watamu sana, lakini tuliagiza saa kumi na mbili wakaja saa tatu, mtoto keshalala. Agiza kabla hujapanda mashua.

Jumapili tulivuka kwa kivuko hadi Bweni, tukatembea ufukweni kidogo, tukarudi kuwahi basi.

Nahodha yule nitamtafuta tena, shule zikifungwa. Boya la mtoto nimeshanunua hapa Kariakoo, dogo, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Liko chini ya kitanda linasubiri.