Uzoefu wangu: kituo cha michezo cha vijana kilichojengwa na kanisa huku Nkuhungu, Dodoma

Naandika hii kwa sababu wadada wengi wananiuliza kuhusu pale, kwamba na sisi tusio waumini wao tunaruhusiwa, na ni kweli hawatozi, na wanawake tunapata muda kweli au ni yale yale ya wanaume kushika uwanja mpaka giza. Mnaruhusiwa, hela ni kidogo sana, na hilo la tatu ndio nitakaa nalo maana ndio lenye maneno.

Mimi naswali, sio wa kanisa lile, mjue hilo mapema. Ni fundi cherehani, nacheza netiboli toka shule ya msingi, beki, nina mtoto mmoja. Miaka yote tulikuwa tunachezea kiwanja cha shule, na anayeijua Dodoma kiangazi anaelewa, upepo ukianza kuvuma unarudi nyumbani hata kope hazionekani kwa vumbi, na mpira unamrushia mwenzako upepo unauchukua unampelekea bodaboda barabarani. Kwa hiyo tuliposikia kanisa linamwaga zege la uwanja nadhani tulifurahi kuliko waumini wenyewe. Walijenga kwa sadaka na harambee, leo tofali, kesho nondo, halafu kimya miezi, halafu unasikia mchanganyaji wa zege unaunguruma tena. Mama yangu, mtu wa swala tano, alichanga mfuko wa saruji, akasema vijana wakikaa kijiweni kubeti hakuna anayewauliza dini.

Msitegemee jumba la ghorofa. Kuna uwanja mmoja wa zege wenye mistari ya kikapu na netiboli, nyuma yake kipande cha udongo ambacho madogo wanapiga chandimu, na ukumbi wa bati wenye meza mbili za tenisi ya meza, bao, drafti na runinga moja kubwa. Pool hawakuweka. Nilisikia wazee wa kanisa waligoma kabisa, wakasema pool ni mambo ya baa, vijana wakalalamika wee mpaka wakachoka. Mi naona wazee walikuwa sahihi, pool ikishawekwa tu hela nayo inawekwa juu ya meza. Runinga ndio inaleta watu siku ya dabi ya Simba na Yanga, na ukilinganisha na kibanda umiza ambako unalipa halafu unakalishwa juu ya ndoo, pale unakaa kwenye benchi na hakuna anayevuta sigara mgongoni kwako.

Sasa uwanja wenyewe. Aliyepima alipimia kikapu, mita 28 kwa 15, netiboli wakaikumbuka baadaye. Netiboli inataka 30.5 kwa 15.25. Bahati nzuri walikuwa wameacha zege pembeni ya mistari ya kikapu kwa hiyo yetu imeingia, ila mstari wetu wa nyuma umekaa ukingoni kabisa mwa zege na baada ya zege ni mtaro wa maji ya mvua. Kwa mnaocheza nyuma mnajua maana yake, macho yako kwenye mpira, unarudi kinyumenyume, unaruka, unatua mtaroni. Mwenzetu mmoja alichubuka ugoko vibaya. Tulipolalamika wakafunika upande mmoja kwa slabu, upande wa pili mpaka leo uko wazi, ukicheza huko cheza na akili.

Na magoli, aisee. Mwanzoni tuliambiwa tutumie ya kikapu eti urefu si ni ule ule. Ni kweli urefu ni ule ule, mita 3.05, lakini pete ya kikapu ina upana wa sentimita 45 na yetu ni 38, yao ina ubao nyuma yetu haina, na yao imeingia ndani ya uwanja wakati nguzo yetu inasimama kwenye mstari. Mfungaji akizoea kugongesha ubaoni mkienda kwenye mashindano mnalia. Baadaye fundi wa kuchomelea wa hapo mtaani alitengeneza nguzo mbili za kuhamishika, miguu kaiwekea matairi ya gari yaliyojazwa zege, zinafanya kazi safi tu.

Kero nyingine mbili za ujenzi nazitaja haraka. Uwanja umelazwa mashariki magharibi, kwa hiyo kuanzia saa kumi na moja jioni timu moja inacheza na jua usoni, uwanja wa nje ulitakiwa ulale kaskazini kusini na sijui kwa nini hakuna aliyemwambia fundi. Halafu zege limelainishwa mno, vumbi likitua juu yake unateleza, lazima mfagie kabla ya kucheza. Kumwagia maji ndio ingekuwa dawa ila kwa mgao wa maji wa huku nani atamwaga maji ya simtank kwenye zege, hata mimi ningekataa.

Haya, ratiba. Kituo kilipofunguliwa kulikuwa na daftari, timu inaandika jina na muda, kwa kuangalia unaona ni haki. Ila daftari lilikuwa linakaa kwa mlinzi getini na wanaopita getini asubuhi wakiwa hawana haraka ni vijana wa kiume, sisi saa hizo tuko dukani, sokoni, jikoni, wengine wako kwenye foleni ya maji. Ukifika mchana ukurasa wote kikapu, kikapu, futisali, kikapu. Kilichobaki kwa netiboli kilikuwa Jumamosi saa nane mchana. Jumamosi, siku ya kufua, saa nane, jua la Dodoma, kwenye zege! Na hata mkifika mnakuta wakaka wanawaambia subirini tumalizie kidogo dada zangu, na hiyo kidogo inaisha adhana ya alasiri ikiwa imeshapita.

Tukaenda kwa mama mchungaji. Tulienda wachache, tukamwamkia, tukakaa, na nakiri nilitegemea tutaambiwa tuombe Mungu. Mama yule alituuliza maswali ya maana: mnatoka kazini saa ngapi, nyumbani mnatakiwa mwe mmefika saa ngapi, na nani anawazuia hasa. Baada ya muda daftari likaondolewa, ratiba ikabandikwa ukutani kwa maandishi makubwa, Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja jioni mpaka saa moja ni netiboli, na siku hizo msimamizi ni dada, ndiye anashika ufunguo wa stoo na wa taa. Huo ufunguo ndio ulioleta mabadiliko, ratiba peke yake wangeitafuna. Kaka akija na tumalizie yake dada haongei sana, anaonyesha ukuta, anatoa mipira yetu, anafungia ya kwao.

Toka hapo mabinti wanakuja wengi, hata wale ambao wazazi wao wakali, maana mzazi anajua kuna taa, kuna geti, kuna mtu mzima, na saa tatu usiku panafungwa kweli. Wenye watoto tunawaweka chini ya mwarobaini, kuna mama anauza juisi ya ubuyu mia tano anawaangalia huku anauza.

Choo ndio bado. Matundu mawili kwa watu wote, mlango mmoja hauna komeo, hakuna hata msumari wa kutundika begi wala pipa la kutupia pedi. Mwanamke alikuwepo kwenye kamati ya ujenzi? Sidhani.

Kuhusu umri, siku moja kijana wa getini aliniuliza kama mimi ni kijana, kisa nimebeba mtoto. Nikamwambia sera ya taifa ya maendeleo ya vijana ya 2007 inasema miaka 15 mpaka 35 na mimi 35 sijafika. Kumbe kule kwao ukishafunga ndoa unatolewa kwenye kundi la vijana unapelekwa kwa akina mama, hata kama una miaka 22. Sasa hivi wanafuata ya serikali, ila waliozidi 35 msiogope, hakuna anayedai cheti cha kuzaliwa.

Dini: Jumamosi jioni wanazima runinga kama dakika kumi wanasoma neno na kuomba. Hakuna anayelazimishwa, sisi wengine tunatoka tunakaa nje na juisi zetu na hakuna anayetuangalia vibaya. Ramadhani walitusogezea netiboli ikawa baada ya futari bila hata ya sisi kubembeleza, hilo lilinigusa.

Gharama: kuingia bure, raketi za tenisi unaacha kitambulisho, mkitaka taa mnachangia luku mia tano kila mtu, na luku ikiisha katikati ya mechi mjue imeisha, hakuna wa kukimbilia kununua usiku huo isipokuwa nyie wenyewe kwa simu zenu.

Ningewapa nyota nne, hiyo ya tano nimeishikilia kwa ajili ya choo na ule mtaro. Wenye timu mpya ongeeni na dada msimamizi Jumanne kabla ya saa kumi na moja, mkija tumeshaanza hamtapata nafasi ya kuongea naye. Jumapili msiende kabla ya saa tisa, kuna ibada halafu kwaya wanafanya mazoezi ukumbini. Na njumu waacheni nyumbani, kwenye zege hawaruhusu, njooni na raba.