Kliniki ya ufuatiliaji wa stenti ya aota: kupima wanajua, kueleza bado

Mimi ni seremala mstaafu, kipimo kisicho na maelezo hunikera. Aota yangu ya tumboni, ule mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ilivimba hadi upana wa milimita 58, wakati ya kawaida huwa kama 20 hivi. Niliwekewa stenti yenye kitambaa, yaani bomba la kupitisha damu ndani ya mshipa, ikapitishwa kwenye mishipa ya kinena bila kupasuliwa tumbo. Upasuaji wenyewe sina neno nao. Ninachopima hapa ni kliniki ninayorudi kuangaliwa.

Yule dada wa ultrasaundi hana papara. Anapima kifuko, yaani ile sehemu ya aota iliyovimba, palepale alipopima mara iliyopita, na akiwa na shaka anarudia. Si jambo dogo: CT skani na ultrasaundi zinaweza kupishana kwa milimita kadhaa juu ya mshipa mmoja, ndiyo maana kwa kawaida hawasemi kifuko kimekua au kimenywea mpaka tofauti ifike milimita 5. Changu kilishuka hadi 51, kisha 50. Nikanuna. Daktari akacheka: "Mzee wangu, kutulia nako ni habari njema."

Sasa lawama. Hakuna aliyenieleza mapema kwamba uvimbe hauondolewi. Ukuta wake unabaki, damu inapita ndani ya bomba, na iliyobaki nje ya bomba huganda. Kwa wengine kifuko hunywea, kwa wengine hubaki vilevile. Kikikua, huenda damu inavuja kukiingia. Ikivujia kwenye ncha za bomba, hurekebishwa bila kuchelewa. Ikirudi kupitia vijishipa vya pembeni, mara nyingi huangaliwa tu maadamu kifuko hakiongezeki. Haya yote niliyatoa kwa daktari kwa maswali, huku foleni ikiguna nje.

Halafu kuna shingo, pale juu bomba linaposhikilia. Inaweza kupanuka miaka inavyokwenda hata kama kifuko kinanywea, na ikipanuka mno bomba hupoteza mshiko. Karatasi yao ya majibu haina hata safu ya shingo! Wanasema CT ndiyo huionyesha vizuri, nayo hawaifanyi kila mara kwa sababu ya mionzi, na dawa ya kung'arisha picha si rafiki wa figo. Sawa, lakini kile kipimo cha CT wanacho. Kiandikwe.

Nyota 4 kati ya 5. Ukienda, omba nakala ya vipimo vyote, kila kimoja kikiwa na jina la mashine iliyotumika.