Kupima mafuta ya mwili: mizani ya umeme au kibanio cha ngozi?

Kwa wanaofanya mazoezi Mtwara na Lindi, tofauti kubwa ya vifaa hivi ni namna vinavyofanya kazi. Mizani hupitisha mkondo hafifu wa umeme mwilini. Kwa kuwa maji huupitisha kwa urahisi na mafuta huuzuia, mtu aliyepungukiwa maji kwa jasho la pwani anaweza kusomewa mafuta mengi kuliko aliyo nayo. Kiwango cha nishati ambayo mwili hutumia ukiwa umepumzika, kinachoonyeshwa na mizani, nacho hukadiriwa tu kwa fomula, maana kukipima hasa huhitaji kuchunguza hewa anayovuta na kuitoa mtu.

Kibanio, kinachobana mkunjo wa ngozi na kupima unene wake, ni nafuu na hakihitaji betri, ila usahihi wake umo mkononi mwa mpimaji, na kwa mtu mnene sana mikunjo ya ngozi hushikika kwa shida. Vyote viwili hukadiria, na vyaweza kukosea kwa asilimia 3 au zaidi.

Anayejipima peke yake nyumbani Mikindani atafaidika na mizani, mradi apime asubuhi kabla ya kula na afuate mwelekeo wa wiki kadhaa, si tarakimu ya siku moja. Mwenye kocha mzoefu, asiyebadilika, namshauri kibanio. Aliyewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo asiikanyage kabisa mizani hiyo.