Kipimo cha HbA1c katika maabara moja ya Mtwara mjini

Maabara hii binafsi inastahili sifa kwa kipimo cha HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari ya damu kwa takriban miezi 3 bila mtu kulazimika kufunga kula. Mtaalamu aliizungushia kalamu asilimia 6.1 ya mama yangu, akamweleza kwa upole kwamba 5.7 hadi 6.4 ni dalili ya hatari, bado si kisukari chenyewe, na kwamba utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 ulionyesha kuwa kupunguza uzito na kufanya mazoezi hupunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Majibu yalitoka siku hiyohiyo. Hata hivyo, hakuna aliyemuuliza kuhusu selimundu, ilhali ugonjwa huo huweza kupotosha majibu. Swali hilo liwekwe kwenye fomu ya mapokezi.